Fundi Kidole na Silinda ya Tatu

Gari inaingia gerejini ikirukaruka kama mtu aliyekanyaga makaa. Mwanamke aliyelala chini ya pikapu nyeupe anausukuma ubao wake wa magurudumu, anatokeza kichwa. Haitazami gari. Anaisikiliza.

"Usizime," anasema.

Dereva anasita, lakini aliyekaa kiti cha pembeni ameshanyoosha mkono na kuzungusha ufunguo. Kimya.

Aliyezima ni kaka yake wa damu, tumbo moja. Miaka yote ambayo mwanamke huyu amekuwa fundi wa magari, leo ndiyo mara ya kwanza kaka mtu kuleta gari kwake. Na hata leo hakuileta itengenezwe. Kaileta ing'olewe pedali.

Mtaani wanamwita Fundi Kidole. Gereji yake ni uwanja ulioloa mafuta meusi, katikati ya kiwanda kidogo cha matofali na duka la rangi. Nusu ina paa la bati, nusu ni jua tupu. Spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, kama watoto kwenye mstari wa shule, na chini yake kuna sufuria kuukuu imejaa boliti ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi.

"Kila boliti ina kwao," anasema mwenyewe. "Hizi hatujaelewana tu."

Magari matatu kwa siku, hapo siku imeenda vizuri. Kuna siku haiji hata baiskeli, na anashinda akizipanga spana ambazo tayari zimepangwa. Mumewe ni fundi cherehani. Majirani wana utani wao: nyumba ina mafundi wawili na mlango wa choo bado unafungwa kwa kamba. Mama wa watu anacheka, hakatai.

Ufundi aliuanza kwa kuuza chai kwa mafundi. Alikuwa msichana, anapita na birika kwenye gereji ya mzee mmoja, na kila akipita anachelewa kuondoka. Mzee yule alimwuliza siku moja kama anauza chai au anauza macho. Akajibu kwamba ile gari ya bluu pale mwisho inanguruma vibaya kuliko jana. Mzee akaenda kusikiliza, akarudi, akamwambia aweke birika chini. Hajalishika tena kwa biashara.

Kaka yake ni mtu wa aina nyingine. Watu wanamwita Mwalimu, kwa sababu anafundisha udereva. Shule yake nzima ni gari moja, ile ile iliyoingia ikirukaruka. Upande wa abiria ina klachi na breki za ziada, ili mwanafunzi akichanganyikiwa Mwalimu aokoe jahazi kwa mguu wake mwenyewe. Nusu ya madereva wa upande huu wa mji wamepita mikononi mwake. Ni mkali, hacheki ovyo, shati limenyooshwa hata siku ya vumbi.

Sasa, kwa muda mrefu gari hiyo imekuwa ikiruka. Ikiondoka, inaruka. Ikipanda kilima, inaruka. Wanafunzi wameibatiza Chura. Na kila ikiruka, Mwalimu alikuwa na jibu moja tu: mguu wa mwanafunzi.

"Achia klachi polepole! Unaua nyoka?"

Utamlaumu? Kila anayejifunza gari huirusha. Ndiyo kazi ya mwanafunzi kuirusha na ndiyo kazi ya mwalimu kufoka. Kwa hiyo gari ilikuwa inaumwa, na mtu aliyekaa ndani yake kutwa nzima hakujua, maana ugonjwa wake ulifanana na kazi yake.

Aliyeumia zaidi ni mkunga wa zahanati, mama mwenye mikono imara, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa. Mama huyu hababaiki na chochote. Lakini kwenye kile kilima cha shule, Chura ilipozimika mara ya tano huku magari nyuma yakipiga honi, alishuka akakaa kwenye ukingo wa barabara akalia. Alifeli mtihani wa leseni hapohapo kilimani. Leo yupo tena, amekaa nyuma ya usukani, kwa sababu somo lake la mwisho ni leo na ameshalilipia.

Ni la mwisho kwa kila mtu, kumbe. Chura ilipozidi, Mwalimu aliipeleka gereji kubwa yenye kiyoyozi na vitabu vya risiti. Wakabadilisha plagi zote, wakabadilisha na waya za plagi, gari ikaendelea kuruka. Wakampa hukumu: silinda ya tatu imekufa, injini imekwisha, tafuta nyingine. Injini nyingine ni mbali sana na uwezo wake.

Basi ikapatikana njia ya mkato. Dalali wa magari amekubali kuichukua kama ilivyo, kwa bei ya chuma chakavu, kwa sharti moja: pedali za pembeni zitoke. Nani, alisema dalali, atanunua gari yenye waume wawili? Na Mwalimu ameshapata kazi nyingine. Kuanzia wiki ijayo atafungua geti la ghala. Mtu aliyewafundisha madereva wa mji, sasa atawafungulia wapite.

Hayo yote Fundi Kidole anayasikia hapo hapo, mikono ikiwa bado na grisi. Hakuna aliyemwambia mapema. Anauliza kwa nini hakuletewa gari tangu ianze kuruka.

Kaka mtu anatazama pembeni. "Wewe nimekufuta kamasi, mdogo wangu. Nimekubeba mgongoni. Mtu niliyemfuta kamasi nitampaje injini?"

Hakusema kwa dharau, na hapo ndipo panapouma. Amesema kama anayeeleza kwamba maji hayapandi mlima.

Fundi anafuta mikono kwenye kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha anaomba kitu kimoja. Dalali anakuja mchana. Mpaka afike, aachiwe yeye gari. Akishindwa, ataing'oa pedali mwenyewe na ataisukuma Chura mpaka barabarani bila kusema neno.

Mwalimu anakunja uso. Anasema watu wenye mitambo wameshindwa. Anasema amechoka kupewa matumaini. Lakini kabla hajamaliza, mkunga amezungusha ufunguo, na injini imewaka.

"Samahani, Mwalimu," anasema mkunga akitazama mbele. "Somo la leo ni langu."

Fundi anazunguka nyuma ya gari, anachuchumaa, anaweka kiganja karibu na ekzosi. Moshi unampiga mkononi: puh, puh, puh, kimya. Puh, puh, puh, kimya. Anakaa hapo kama anayepima homa ya mtoto.

Anaeleza bila kugeuka. Ule mwanya wa kimya ungekuwa unakuja ovyo, mara hapa mara pale, ungetafuta ugonjwa wa injini nzima. Lakini huu unakuja kwa zamu, haukosei. Silinda ziko nne, zinafanya kazi kwa kupokezana kama watu wanne wanaotwanga kinu kimoja. Mmoja hapigi mchi, na kila zamu yake ikifika, kinu kinanyamaza.

Hapo Mwalimu anamkumbusha kwamba hata gereji kubwa walisema hivyohivyo, silinda moja imekufa. Ni kweli, anajibu fundi. Wale hawakukosea. Waliishia tu nusu ya njia.

Anafungua boneti. Anachukua koleo yenye mpini wa mpira, injini ikiwa inanguruma, anachomoa waya wa plagi ya kwanza. Gari inatikisika vibaya zaidi. Anaurudisha. Anachomoa wa pili, gari inatikisika. Anachomoa wa tatu.

Hakuna kitu. Mtikisiko ni uleule, mlio ni uleule. Ukimwondoa kazini mtu na kazi isipungue, basi alikuwa hafanyi kazi. Wa nne anauchomoa kwa kuhakikisha tu, na injini karibu izimike.

"Ni ya tatu," anasema. "Sasa tumwulize kwa nini."

Anaomba gari izimwe. Anafungua plagi ya tatu, anaigeuza juani. Ni kavu. Ananusa. Anampa kaka yake naye anuse. Mwalimu anaishika kwa ncha za vidole, kwa shingo upande, ananusa, anasema haina harufu yoyote. Fundi anaipokea, macho yamebadilika.

Anairudishia plagi waya wake, anailaza juu ya chuma cha injini, anamwomba mkunga apige stata kidogo. Cheche ya bluu inaruka, ta, ta, ta. Moto upo.

Kinachofuata ndicho kilichompa jina. Anachomoa na plagi tatu zilizobaki, anakata mafuta yasipande, anaegemea injini na kuziba tundu la silinda ya tatu kwa kidole gumba. Gereji kubwa zina kipimo chenye mshale kama saa kwa kazi hii. Na yeye anacho, kimetundikwa ukutani, ila anasema kipimo humpa namba na kidole humpa habari.

Hapa ndipo penye kufa na kupona, na wote pale wanajua, maana amewaeleza. Stata ikipigwa, pistoni inapanda na kuisukuma hewa. Hewa ikikisukuma kidole kwa nguvu, mwili wa injini ni mzima, tatizo liko nje. Hewa ikivuja, ikatoka kinyonge, basi valvu imeungua au ringi zimekwisha, na dalali aje na kamba yake ya kuvutia gari.

Kiwanda cha matofali kimenyamaza. Wafanyakazi wawili wameegemea ukuta kutazama. Mwalimu amekunja mikono kifuani, lakini amesogea.

"Piga," anasema fundi.

Mkunga anazungusha ufunguo. Injini inakohoa, na kidole gumba kinarushwa juu kwa kishindo, paf, kama kizibo cha chupa. Anakirudisha. Paf. Anahamia tundu la kwanza, la pili, la nne, analinganisha, kisha anarudi la tatu. Paf. Nguvu moja.

Anainua kichwa. Uso umeloa jasho na unang'aa.

"Kaka, hii silinda haijafa. Ina njaa."

Maana yake rahisi. Moto upo, hewa ipo, plagi ni kavu na haina harufu ya petroli. Basi chakula hakifiki. Anarudisha plagi, anaachia mafuta, anawasha, anachukua bisibisi ndefu, ncha yake anaiweka kwenye nozeli, yule mdudu mdogo anayemimina petroli ndani ya silinda, na mpini anauweka sikioni. Nozeli ya kwanza inagonga tik tik tik. Ya pili tik tik tik. Ya nne vilevile. Ya tatu, bubu.

Anamkabidhi kaka yake bisibisi. Hakumlazimisha, amemnyooshea tu. Mwalimu anainama, shati lake linagusa grisi na hajali, anasikiliza zote nne. Akifika ya tatu anarudia mara mbili. Halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, anauliza swali la mtu anayetaka jibu: ni nozeli yenyewe, au kuna kinachoizuia?

Fundi anachomeka taa ndogo ya kupimia umeme kwenye soketi ya nozeli hiyo. Haiwaki. Umeme haufiki, nozeli haijaambiwa kitu. Ni waya.

Anaufuata waya kwa vidole, kuelekea nyuma ya injini, kwenye kona yenye giza kabla ya ukuta wa kabini. Mwalimu ndiye anayeshika tochi sasa. Hakuna aliyemtuma. Vidole vinapita, vinapita, vinasimama.

"Kaa pale kwako," anamwambia kaka. "Kanyaga klachi yako."

Mkunga anashuka, anapokea tochi. Mwalimu anaingia, anakanyaga pedali ya pembeni. Kebo yake inajivuta nyuma ya injini, na inapojivuta inausugua mkanda wa nyaya kama msumeno. Ganda la waya mmoja limelika lote. Ndani, shaba imekatika, ncha zake zimeota kutu ya kijani.

Yule aliyefunga zile pedali za ziada aliipitisha kebo juu ya nyaya badala ya chini. Mwanzoni haikudhuru. Lakini mwanafunzi akikosea, Mwalimu anakanyaga. Gari ikiruka, anakanyaga. Na kila akikanyaga kuokoa gari, anaukata waya kidogo zaidi, na gari inaruka zaidi, naye anakanyaga zaidi. Ni gari ya kufundishia tu inayoweza kuugua ugonjwa huo.

Mwalimu bado amekaa, mguu kwenye pedali. Mkunga anainama dirishani na kumwuliza kwa upole, sauti ileile anayoitumia wodini.

"Kwa hiyo siku zote hizo, haukuwa mguu wangu?"

"Ulikuwa wangu," anasema Mwalimu.

Mkunga anamtazama. Kisha anaanza kucheka, cheko la tumboni, na wale wa matofali wanaangua, na Mwalimu naye, mtu asiyecheka ovyo, anaficha uso kwa kiganja na mabega yanamtikisika kuliko gari yake.

Kutengeneza kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta. Fundi anakata sehemu iliyooza, anaunga waya mpya, anaulehemu, anauvika mpira. Kebo anaihamisha ipite chini, anaifunga mbali na nyaya. Anapiga stata. Chura inanguruma mfululizo, haina mwanya. Anazunguka nyuma, anaweka kiganja kwenye moshi, anasimama hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Fundi yeyote atakwambia raha hiyo haisimuliki.

Dalali anafika na kamba begani. Ni mtu mcheshi, anasalimia kila mtu, anauliza kama yule mume wa pili ameshaondolewa. Anaona pedali bado zipo. Anaisikia injini, na ucheshi unampungua. Anaanza kupandisha bei yake mwenyewe, kwanza kidogo, halafu si kidogo.

Fundi Kidole yuko pembeni anaosha mikono kwa sabuni ya unga. Ameinamisha kichwa. Hii si sehemu yake. Gari ni ya kaka, na kaka amechoka, na bei sasa imekuwa nzuri.

Mwalimu anasikiliza mpaka mwisho, kama ilivyo adabu yake. Kisha anatikisa kichwa.

"Haiuzwi. Fundi wangu amekataa."

Dalali anauliza huyo fundi ni nani, maana wale wa gereji kubwa anawafahamu wote. Mwalimu anamwelekeza kwa kidevu, kwenye beseni. Mikono ya fundi imesimama ndani ya maji. Amejaribu kuendelea kuosha, imeshindikana.

Mchana huo Chura ilipanda kilima cha shule. Mkunga alisimama katikati ya kilima makusudi, akavuta hendibreki, akahesabu pumzi zake, akaondoka. Haikuruka. Waliokuwepo wanasema Mwalimu alikunja miguu yake yote miwili chini ya kiti, asije akagusa kitu. Wiki iliyofuata mkunga alipata leseni, akaileta gerejini ionekane, ikapita mikononi mwa kila mtu mpaka wa duka la rangi.

Kazi ya geti akapewa mtu mwingine.

Tangu hapo walimu wengine wa udereva nao wanakuja, na wanakuja na maneno. Mmoja alimweleza fundi alivyoambiwa na Mwalimu: "Nenda kwa mdogo wangu. Hata wakikwambia injini imekufa, isizikwe kabla hajaigusa yeye." Kaka mwenyewe hajawahi kumwambia hivyo usoni. Akija anauliza tu kama watoto wamekula, anakaa kwenye tairi kuukuu, anamtazama akifanya kazi.

Fundi Kidole ana mpango. Sehemu ya nyuma ya uwanja, iliyokuwa na vifusi, ameshaisafisha kwa mikono ya mumewe na mabinti zao. Anataka kuiezeka, achimbe shimo la kusimama chini ya gari, aweke mabenchi. Kila mwanafunzi wa Mwalimu, kabla ya mtihani, atapita pale asubuhi moja: ashike plagi, anuse, asikilize nozeli, aweke kiganja kwenye moshi. Wazo ni lake, lakini aliyelitangaza mtaani kabla mabati hayajanunuliwa ni kaka yake.

Darasa la kwanza litakuwa Jumamosi, paa liwepo lisiwepo. Wameshajiandikisha kumi na mmoja, na mkunga yumo ingawa leseni anayo.

"Na kaka anakuja," anasema fundi akirudisha spana mahali pake. "Amesema atakaa nyuma kabisa, hatasumbua. Nimemwambia akae popote anapotaka, ila siku hiyo mwalimu ni mimi."